Ukurasa wa Bi Salhiya wa Chwaka

Mkunazini, Mji Mkongwe
12 Januari 2025

Mwanangu Nassra,

Assalaam alaykum. Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, na mbele ya mashahidi wawili, yaani mke wangu Bi Kidawa na paka wa jirani, natangaza rasmi kwamba gego langu la juu, upande wa kushoto, limestaafu leo asubuhi baada ya utumishi wa miaka arubaini na nne. Limeondoka bila fujo, ndani ya kipande cha mkate wa kumimina. Bi Kidawa alitaka kulitupa jaani. Nikamwambia, mtumishi wa muda wote huo haagwi hivyo. Sasa nnatafuna upande mmoja kama mbuzi mwenye mawazo.

Sisi wazima. Nduguyo Hamid bado anaandika barua za kuomba kazi, na kwa mwandiko ule nnawaonea huruma wanaozisoma. Bi Kidawa magoti yanamsumbua lakini ulimi hausumbuliwi na kitu.

Arubaini ya mama yako tuliisoma tarehe nne, kule kule Chwaka. Watu walijaa mpaka barazani kwa jirani. Wanawake waliolima mwani naye walikuja wote, wakapika wao, hawakutaka msaada wa mtu. Mardhiya, yule shoga yake wa shamba moja, alikuwa anagawa sahani huku analia, analia huku anagombeza wasiokula. Ungekuwepo ungecheka na kulia pamoja naye. Usijilaumu kwamba hukuwahi kuja. Mazishi yetu hayasubiri ndege kutoka Bergen.

Simu yangu imeanguka kwenye ndoo ya maji, ndiyo maana hunipati. Usihangaike nayo. Karatasi haiishi chaji, na mimi mtu mzima nnapenda kuandika. Wewe endelea na kitabu chako kikubwa. Mama yako alikuwa akimwambia kila mtu sokoni kwamba mwanawe anaandika kitabu kuhusu maji ya Chwaka, na wauza samaki wakamuuliza maji yana nini la kuandikwa.

Mjomba wako,
Ayoub


Bergen
2 Februari 2025

Mjomba shikamoo,

Barua yako imefika na nimeisoma mara tatu. Pole kwa msiba wa jino. Naomba utaratibu wa tanzia ufuatwe, na Bi Kidawa asile mkate wa kumimina mbele yako mpaka eda iishe.

Mimi mzima. Theluji ya Norwe imefika dirishani, nnavaa soksi pea tatu. Nnakula, usiulize. Nnasali, usiulize pia.

Mjomba, nna jambo, na sijui nilianze wapi. Unaukumbuka ule mtandao wa watafiti, wanakowekeana kazi zao na kuulizana maswali? Nnauliza kama mjinga, kwa sababu wewe ndiye uliyemfungulia mama ukurasa mle, mwaka 2017. Yeye akisema, wewe ukimchapia kwa Kiingereza. “Salhiya Jecha, mtafiti huru, Chwaka.” Ukamfafanulia kwamba huru maana yake asiyelipwa na mtu, na mama akasema basi Chwaka nzima ni watafiti huru.

Tarehe 21 Januari nilikuwa maabara. Kompyuta ikaniletea taarifa: Salhiya Jecha amesoma kazi yako. Nikasema hizi mashine. Siku mbili baadaye ikaja nyingine: Salhiya Jecha ameweka vipimo vipya. Nikafungua. Joto la maji ya shamba la mwani, Chwaka, la siku ile ile. Chini yake Mfilipino mmoja ameuliza swali, na mama amemjibu. Amemjibu vizuri, mjomba, kwa mtindo wake, akianza na mfano wa sufuria.

Mama amezikwa Novemba.

Kompyuta imo mezani hapa. Nimeifunika kwa kanga yake, ile ya njano aliyonipa uwanja wa ndege, na nnaandikia kitandani. Niambie, nani mwingine alikuwa na neno lake la siri?

Mwanao,
Nassra


Mkunazini
27 Februari 2025

Mwanangu Nassra,

Marahaba, marahaba. Nimepokea barua, na Bi Kidawa amepokea salamu, na mkate wa kumimina anaula vile vile, tena kwa sauti.

Shaaban inakatika. Mji umeshaanza pilikapilika za Ramadhani, Darajani hapapitiki, tende zimepanda bei na wauzaji wamepanda vichwa. Hamid ameitwa kwenye usaili mmoja. Ametuuliza avae nini. Nikampa koti langu la harusi, akatoka nalo kama aliyevaa hema.

Sasa hilo la ukurasa. Mwanangu, mitandao hii haijui kufa. Mimi nilitunza maabara ya skuli miaka ishirini na minane, najua kifaa kikizoea kazi hakiachi. Kuna mizani pale ilikuwa ikionyesha gramu mbili hata ukiwa hujaweka kitu. Huenda mama yako aliandika mambo mengi mapema, na mashine inayatoa kidogo kidogo. Neno la siri alikuwa nalo mwenyewe. Mimi nilishalisahau, kama nnavyosahau miwani yangu ilhali nimeivaa.

Na hata tuseme ni yeye, kuna ubaya gani? Namba za mwaka huu zimekaa vizuri kuliko za mwaka jana. Ni wachache wetu watakaoandika vizuri baada ya kufa, wengine hatuandiki vizuri hata tukiwa hai.

Ifunue kompyuta. Kanga ile ivae, kwenu baridi.

Ramadhani njema,
Ayoub


Bergen
30 Machi 2025

Mjomba shikamoo,

Idd Mubarak, ikiwa kesho au keshokutwa, mtakavyouona mwezi. Nimekaanga maandazi, yametoka magumu. Mwenzangu wa chumbani, msichana wa Kinorwe, amekula manne kwa adabu.

Umeandika kwamba namba za mwaka huu zimekaa vizuri. Umeziona wapi?

Sikutaka kuuliza hivyo, nimefuta na kuandika upya mara mbili, lakini naacha. Nisikilize sasa, mimi mtoto wa Chwaka. Mama alikuwa akipima siku za bamvua tu, mwezi unapoandama na unapojaa, maji yakitoka mbali na vigingi vya mwani vikawa wazi, akisimama kwenye maji ya magotini. Ukija mwezi nusu, siku za maji mafu, bahari haitoki wala haiji, shamba limezama, na mama alikuwa nyumbani anashona makawa. Miaka kumi na tatu ya madaftari yake, hakuna hata kipimo kimoja cha maji mafu. Na saa zake zilikuwa zikihama kila siku, kwa sababu bahari inahama.

Hizi mpya zinakwenda Jumatatu na Alhamisi kama zamu ya ofisi. Zote saa tano kamili asubuhi. Tarehe 23 Januari mwezi ulikuwa na siku ishirini na mbili, mjomba! Tarehe 6 Februari, mwezi wa siku saba, zote maji mafu. Saa hiyo, siku hizo, pale shambani maji yanafika kifuani. Aliyeandika hizi namba hajui mwezi uko wapi. Ni mtu wa mjini.

Unajua nnachokiogopa. Tasnifu yangu nnaikabidhi tarehe 16 Juni. Sura ya nne yote imesimama juu ya vipimo vya mama, na jina lake nimeliweka mbele. Ndani yake sasa kuna vya kweli na vya kubuni, na sijui vya kubuni vinaanzia wapi. Nikikosea, nitakuwa nimemfanya mama mwongo mbele ya watu wasiomjua, na hawezi kujitetea. Nnataka kitu kimoja tu: kipimo chake cha mwisho cha kweli ni cha tarehe gani?

Na kuna jingine. Wiki iliyopita nilimwandikia. Ndiyo, nilimwandikia mama, kwenye ukurasa ule, Kiswahili, bila salamu: “Nani wewe?” Nikasubiri kumkamata mwizi. Baada ya dakika kumi jibu likaja.

“Kwanza niambie, umekula?”

Hivyo ndivyo alivyokuwa akianza kila simu, hata Ramadhani, unajua. Nilikaa chini sakafuni. Na nisikufiche, mjomba: kabla sijaogopa, nilijibu. Nilisema nimekula.

Nassra


Mkunazini
26 Aprili 2025

Nassra,

Sote wazima. Mvua za masika zimeanza, paa linavuja pale pale panapovuja kila mwaka, juu ya mto wangu.

Hayo uliyoyauliza nimeyasoma. Niache kidogo, mwanangu. Mtu hukosa maneno hata kama maisha yake yote alisifiwa kwa maneno.

Umekula?

Ayoub


Bergen
8 Mei 2025

Mjomba Ayoub,

Shikamoo. Mimi mzima.

Niliwaandikia wenye mtandao nikawaomba waufunge ukurasa wa mama. Wakasema hawafungi bila cheti cha kifo. Nikamwandikia Hamid aninakilie kile kilichoko afisini kwa sheha. Usimgombeze, nilimwambia nnakihitaji kwa ajili ya mirathi, naye hakukisoma, kama kawaida yake.

Mimi nimekisoma. Mahali: ufukwe wa Chwaka. Sababu: kuzama.

Ulinipigia simu siku ile, simu yako nzima kabisa, ukaniambia ameanguka uani akianika mwani. Presha, ukasema. Ulinielezea mpaka mkeka aliolazwa. Miezi mitano nnauona mkeka ule kila nnapofumba macho, na haukuwepo.

Cheti ninacho. Kukituma ni kubonyeza kitufe kimoja, na sikibonyezi. Ukurasa ukifungwa sitajua tena. Na nitasema kweli, kila Jumatatu na Alhamisi bado nnafungua kuona kama ameandika. Tangu barua yangu ya Machi hajaandika.

Nina wiki tano. Mama alikuwa anafanya nini baharini siku ya maji mafu?

Nassra


Mkunazini
17 Mei 2025

Mwanangu Nassra,

Marahaba, kila shikamoo uliyonipa mwaka huu ambayo sikuistahiki.

Barua hii haipiti posta. Kificho wa duka la vitambaa ana mtu anasafiri Jumatatu, atakuletea mkononi. Simu yangu haikuanguka kwenye ndoo. Imo katika mtoto wa meza, imezimwa. Kwenye simu ungenisikia sauti. Barua ilinipa wiki mbili mbili za kuupiga pasi uongo, na mimi ni mtu wa maneno, hata Bi Kidawa husema. Leo nimemsomea yeye kwanza haya nitakayokuandikia. Akachukua mto wake, akaenda kulala kwa Hamid. Ndiyo mara ya kwanza katika ndoa yetu amelala nje ya nyumba hii.

Jana niliandika kwenye ukurasa, kwa jina langu, kwamba mwenye ukurasa amefariki tarehe 25 Novemba, na kwamba kila kilichoandikwa tangu siku hiyo kimebuniwa na kaka yake. Yule Mfilipino amejibu peke yake. Ameuliza kama siku ile mama yako alikuwa na mtu majini. Nimemjibu hapana.

Sasa wewe.

Mwezi wa Oktoba watafiti wa mtandao walikubaliana wapime joto la maji siku ile ile, saa ile ile, pwani kumi na moja za dunia. Brazili, Ufilipino, Bukini, wapi na wapi. Wenye meli, wenye maabara. Wakaandika: na Chwaka? Nassra, mimi niliwaoshea wanafunzi chupa miaka ishirini na minane, mwalimu akipita ananiambia “bwana maabara, lete kitambaa.” Nilipoona wale watu wanauliza na Chwaka, nilijibu bila hata kumpigia mama yako simu. Chwaka ipo. Tarehe 25 Novemba, saa tano asubuhi.

Nikampigia baadaye, kwa furaha. Akahesabu siku za mwezi. Akasema, “Kaka, siku hiyo mwezi ishirini na tatu. Maji mafu. Saa tano patakuwa pamejaa.”

Nikasema, “Kwa hivyo?”

“Kwa hivyo shamba halionekani. Waambie wasogeze siku tano tu mbele, tuje kwenye bamvua.”

“Salhiya, pwani kumi zisogee kwa ajili yako? Wale hawapangi siku kwa kuangalia mwezi.”

“Si wanapima bahari?” akaniuliza. “Sasa wanaipima bila mwezi?”

Hilo ndilo swali la kitaalamu kuliko yote niliyowahi kuyasikia, na mimi nilicheka. Nikamwambia nshaandika, nshakubali, utanitia aibu. Nilisema neno hilo, aibu. Kama ningesema utapoteza nafasi, angenicheka. Lakini mimi ni kaka yake mkubwa, nilimlea baba alipokufa, na aibu yangu ilikuwa kitu ambacho hakuwahi kukikanyaga.

Akasema, “Haya kaka. Hutaaibika.”

Mengine nimeyapata kwa Mardhiya, naye nilimlazimisha asikwambie, usimchukie. Asubuhi ile mama yako alitafuta kidau, hakupata, waliokuwa navyo walikuwa wameshatoka. Mardhiya akamwambia achote maji ya ukingoni apime hayo, nani atajua. Akamjibu kwamba aliahidi maji ya shambani. Akajifunga kibwebwe, akatia kipimajoto kwenye uzi shingoni, akaingia kwa miguu. Alipofika shamba la kwanza maji yalikuwa kiunoni, akapunga mkono. Mardhiya akarudi kuwasha moto wa chai. Alipotoka tena hakumwona.

Sijui kama ni presha, au shimo, au mguu ulinasa kwenye kamba za vigingi. Daktari alisema kuzama. Mimi niliamua kusema uani, kabla hata sanda haijakatwa, na watu walikubali kwa kukuhurumia wewe. Nikawaacha wadhani nnakuhurumia wewe.

Kwa nini niliendelea? Usiku wa matanga nilifungua ukurasa niwaambie. Nikakuta watu wanane wamemshukuru. Bi Salhiya hivi, Bi Salhiya vile. Nikamjibu mmoja, kwa jina lake, karibu sana. Halafu akauliza jingine. Kila niliyemjibu alikuwa akimsalimu yeye, akimuuliza hali, na kwa muda ule wa kujibu alikuwa mzima. Namba nilizichukua kwenye madaftari ya miaka ya nyuma, nikaongeza nukta hapa, nikapunguza pale. Sikuwahi kuangalia mwezi. Aliniambia mwenyewe, na sikujifunza hata baada ya kumzika.

Mwanzoni nilikuwa nnatunga anavyosema. Kufika Februari nilikuwa situngi tena. Nnakaa, mfano wa sufuria unakuja wenyewe, kwa lafudhi yake, na Bi Kidawa jikoni ananiuliza nnaongea na nani. Ulipoandika “nani wewe”, wallahi nilitaka kuandika Ayoub. Vidole viliandika lile neno la chakula, na nilipolisoma nilitoka chumbani. Nilimuogopa, Nassra, dada yangu mwenyewe. Nilikaa barazani mpaka adhana ya magharibi. Niliporudi nikaona umejibu kwamba umekula, na sikuweza kuandika tena kitu.

Uliniuliza kitu kimoja. Kipimo cha mwisho cha mama yako ni cha Jumanne, tarehe 19 Novemba, nyuzi ishirini na tisa na nukta sita. Kimo katika daftari la kijani, kwa mkono wake. Hapo ndipo usimame. Cha tarehe 25, kile kilichosifiwa, kinachosema ishirini na nane na nukta tisa, ni changu.

Nilikuwa hapa Mkunazini, mbele ya kompyuta, nimevaa shati lililopigwa pasi. Kila pwani ilipoandika namba yake, kisanduku chake kiligeuka kijani. Kufika saa tano na robo vilikuwa kumi, na cha Chwaka cheupe. Nikampigia simu mara tatu. Ilikuwa ikilia nyumbani kwake, juu ya kabati. Nilikasirika. Nilisema kwa sauti, “Salhiya, unanifanyia nini?” Saa tano na nusu nikaandika namba niliyoiona inafaa, nikijua atapiga na nitairekebisha, na kisanduku chetu kikawa kijani kama vya wenzetu. Nikamwita Bi Kidawa aje kuona.

Mardhiya alipiga saa sita kasorobo. Anasema saa tano na nusu walikuwa wameshamtoa na kumlaza mchangani. Uzi ulikuwa shingoni, kipimajoto hakikuwepo. Maji ya siku ile yalikuwa na joto gani, hajui mtu.

Ayoub